Kumuuliza mama majina ya wajukuu kila asubuhi

Swali: Mama yetu, hapa Wete, ana miaka 74 na daktari amethibitisha kuwa ana Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu kidogokidogo. Kila asubuhi tunamuuliza majina ya wajukuu, leo siku gani, jana kala nini, ili akili isilale. Sasa anakasirika, siku nyengine analia. Tuongeze mazoezi, daktari? Tumeshauriwa pia tununue unga wa kurejesha kumbukumbu.

Jibu: Acheni maswali hayo leo. Najua mnayafanya kwa mapenzi, lakini karibu kila nyumba ninayokwenda kutoa tibakazi, yaani kumsaidia mgonjwa aweze shughuli zake za kila siku, naukuta mtihani huu, na unaniumiza. Watu wanadhani kumbukumbu ni msuli. Katika Alzheimer, sehemu ya ubongo inayoweka mambo mapya ndiyo huharibika mapema, kwa hiyo kumuuliza jana kala nini ni kumtuma achote maji kwenye kisima kikavu. Tena akibahatisha jina la uongo, kosa lile ndilo linaloweza kumganda. Mpeni jibu kabla ya swali: "Mama, huyu Asha, mjukuu wako, kaja kukusalimu."

Mkitaka mazoezi, chagueni jambo moja litakalomfaa, na jibu mumpe kwanza. Tuseme anasahau mkongojo. "Mama, kabla ya kusimama unashika nini?" Ajibu, na aushike hasa. Muulizeni tena baada ya nusu dakika, kisha dakika moja, mbili, nne, nane, huku mnazungumza mengine. Akikosa, mwambieni hapohapo, arudie, kisha rudini kwenye muda wa mwisho alioweza.

Na mikono husahau kwa kuchelewa. Nimemuona bibi asiyemtambua mwanawe akichambua karafuu, makonyo (vijiti vyake) huku, karafuu huku, bila kukosea. Mpeni mama ukili asuke, hata ukipinda msimsahihishe.

Ama huo unga, msinunue. Dua someni, lakini hakuna unga wala matone yanayorudisha kumbukumbu iliyoliwa na Alzheimer. Hata dawa za hospitali, kama donepezili, hupunguza dalili kwa muda tu. Na wauzaji hawa hawapimi mtu! Kuna kusahau kunakotibika: upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, huzuni nzito, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka. Mzee aliyebadilika ghafla ndani ya siku mbili tatu apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mfuko wa dawa zote anazotumia uende naye, unga nao ukiwemo.