Kwa nini saratani ya matiti ya mmoja husambaa haraka kuliko ya mwingine

Ndugu, umeuliza iwapo ni jeni zilizofanya saratani ya shangazi yako ifike mapafuni kabla ya mwaka kuisha, ilhali jirani yenu aliyekuwa na uvimbe mkubwa zaidi anaendelea vizuri. Ninafanya kazi katika maabara ya patholojia, inayochunguza vipande vya mwili wa wagonjwa, na dada yangu mkubwa aliugua ugonjwa huo huo, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona pande zote mbili.

Ukubwa wa uvimbe hausemi yote. Maabara hukata utando mwembamba wa kipande cha uvimbe kilichozamishwa katika nta na kuutia kemikali ambazo, zikikuta vipokezi (protini za seli zinazopokea ishara za kukua), huacha rangi ya kahawia. Slaidi ya dada ilibaki buluu tupu: hapakuwa na kipokezi cha homoni ya estrojeni, cha homoni ya projesteroni, wala kile kiitwacho HER2. Aina hiyo huitwa hasi tatu, na mara nyingi hukimbilia mapafu na ubongo, hasa katika miaka 5 ya mwanzo.

Katika uvimbe wa namna hiyo, jeni ya TP53, ambayo huiamuru seli iliyoharibika isimame au ife, huwa imeharibika kwa takriban wagonjwa 8 kati ya 10. Jeni ya BRCA1, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, husaidia kuunga vinasaba (DNA) vilivyokatika. Ikishindwa kazi, makosa huongezeka kila seli zinapogawanyika, na kati ya seli hizo zenye kasoro mbalimbali hutokea chache zinazoweza kujinasua, kupenya mishipa na kuota kwingine. Kwa hiyo jeni moja hufungua njia tu. Ugonjwa husambazwa na kasoro zilizorundikana.

Nyingi ya kasoro hizo hutokea ndani ya titi lenyewe na hazirithiwi, kwani saratani za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Hata hivyo, ikiwa majibu ya shangazi ni hasi tatu, ulizieni kipimo cha BRCA, ingawa shangazi ni wa upande wa baba (upande ambao wengi husahau kuutaja kliniki), maana mwanamume naye huirithisha kasoro hiyo. Kipimo kina faida kwa shangazi mwenyewe pia: dawa ya olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani ya matiti iliyosambaa yenye kasoro ya BRCA, huziba njia nyingine ya kukarabati vinasaba, na seli za saratani hufa. Dada hakuwa na kasoro hiyo. Alipewa kemo (dawa za kuua seli za saratani) kabla ya upasuaji.

Ombeni nakala ya majibu ya patholojia, na mkihamia hospitali nyingine ombeni pia kile kipande cha nta, kwa sababu kinaweza kupimwa upya bila mgonjwa kukatwa tena.