Muulize Opareta: Krismasi hii tuonyeshe picha gani?

SWALI: Shikamoo Babu Opareta. Mume wangu amenunua projekta ya Super 8 yenye sauti, ile ya mikanda ya milimita 8, kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja hapa Leicester, pamoja na sanduku la rili. Kuna vijirili vidogo visivyo na maandishi ya maana, kuna katuni za rangi, kuna moja ya maharamia iliyofupishwa, na kuna kubwa imeandikwa *Big Business*. Siku ya Krismasi tutakuwa na wageni na watoto wa kila umri. Mama mkwe naye atakuwepo kutoka Tanga. Yeye Kiingereza hajui, na wajukuu wake Kiswahili chao ni cha kuombea maji. Mume wangu anataka tununue pia *It's a Wonderful Life*, eti bila hiyo si Krismasi. Tuonyeshe nini? – *Mama Neema, Leicester*

JIBU: Marahaba, Mama Neema. Nianze na bwana, maana ndiye anayetaka kutoa pesa. Picha anayoitaka ni nzuri, sina ugomvi nayo, ila ni ya saa 2 na dakika 10. Rili ya Super 8 ya futi 400, ikienda mwendo wa sauti wa picha 24 kwa sekunde, inakwisha kwa dakika 20. Maana yake ni rili 7. Mara 6 mtawasha taa, mtavisha mkanda mwingine, watoto watakimbilia jikoni, na kila wakirudi kuna aliyekalia miwani ya bibi. Mimi picha ndefu sebuleni siipendi, hata iwe nzuri namna gani.

Kuna na jambo la pili kabla hajatoa pochi. Picha hiyo ya Frank Capra ilitoka 1946, na mwaka 1974 hakimiliki yake haikuhuishwa. Tangu hapo kila mwenye mtambo wa kuchapa mikanda alijichapia yake. Ziko kopi safi, na ziko kopi zilizotolewa kwenye kopi ya kopi, nyuso za watu zimekuwa nyeupe tupu kama zimepakwa unga, macho huyaoni. Muuzaji amtumie kwanza picha ya mkanda wenyewe ukiwa mbele ya mwanga. Akikataa, bwana aachane naye.

Sasa turudi sandukuni. Hiyo *Big Business* ndiyo Krismasi yenu. Ni Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule mnene, mwaka 1929, wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba huko California kwenye jua kali. Wanamgongea mzee mmoja mwenye masharubu, James Finlayson, hataki mti. Tawi linabanwa na mlango, wanagonga tena, tawi linabanwa tena, wanagonga tena. Mzee anatoka na mkasi mkubwa anaukata mti vipande. Basi wao wanaanza kuibomoa nyumba yake taratibu, yeye analibomoa gari lao, na polisi amekaa pembeni anaandika. Ni picha bubu. Bibi wa Tanga na mjukuu wa Leicester watacheka mahali pamoja, na hakuna atakayemuuliza mwenzake kasema nini.

Maandishi yanayotokea katikati ni machache. Mpeni kijana mmoja mwenye mdomo ayatie Kiswahili kwa sauti, akiongeza chumvi kama madijei wa vibanda umiza wanavyofanya. Kama hajui Kiswahili cha kutosha, bibi mwenyewe atunge. Hapo mnaweza kupata kichekesho bora kuliko cha Laurel na Hardy wenyewe.

Mwendo uujaribu mapema. Futi 400 kwa picha 18 kwa sekunde ni dakika 26 na kitu, kwa 24 ni dakika 20. Picha bubu za mwishoni mwa miaka ya 1920 zilishaanza kwenda kasi, kwa hiyo mimi ningeanza na 24, nikiona wanakimbia mno nirudi 18. Angalieni Hardy anavyotembea. Mtu mnene ana mwendo wake, jicho litawaambia.

Katuni ni nzuri kwa kufungulia, lakini kwanza mzipime rangi. Fungua futi mbili tatu za mkanda, ziweke juu ya karatasi nyeupe karibu na taa. Kopi nyingi za rangi za miaka ya 1960 na 1970 zimekwisha: buluu imekwenda, kijani kimekwenda, kimebaki chekundu peke yake. Kwa picha ya Krismasi hilo ni baya kuliko kawaida, kwa sababu theluji yote inakuwa ya waridi na Baba Krismasi anaonekana amevaa nguo ya rangi ya uso wake. Ukikuta muuzaji ameandika kwamba rangi ina "joto", ujue ndiyo hiyo. Nyeusi na nyeupe haina matatizo haya, na hiyo ni sababu moja ya mimi kuipenda.

Mkitaka kuongeza katuni moja ya msimu, tafuteni *Rudolph the Red-Nosed Reindeer* ya Max Fleischer, 1948. Ilitengenezwa kwa ajili ya maduka ya Montgomery Ward ya Marekani, ambako hadithi yenyewe ya Rudolph ilitungwa mwaka 1939 ili wagawiwe wateja. Ni ya dakika 8 hivi, na kopi zake ni nyingi. Rangi pimeni vilevile. Zamani ningewaelekeza Derann, pale Dudley, waliokuwa wakitoa katuni za Disney kwa Super 8. Walishafunga, siku hizi ni mitumba tu, kwenye minada na kwa wakusanyaji.

Ya maharamia iacheni ndani. Hadithi ya saa moja na nusu imebanwa ndani ya dakika kumi: stelingi anapenda, anachomoa upanga na kuoa kabla sambusa haijapoa. Watoto hawatafuata kitu.

Vile vijirili visivyo na jina vitazameni ninyi wawili usiku, wageni wasiwepo. Rili ya futi 50 ni dakika 3 na sekunde 20, na mara nyingi ni picha za nyumbani za mwenye sanduku: harusi, ufukweni, mtoto na baiskeli. Si zenu kuwaonyesha watu. Mpigieni dalali wa mnada aulize kama familia inazitaka. Ila kabla ya kuvisha hata kimoja, angalieni matundu ya pembeni mwa mkanda, yale yanayoshikwa na meno ya mashine. Super 8 ina matundu madogo, kila moja limekaa usawa wa katikati ya picha. Ile milimita 8 ya zamani, ya mwaka 1932, ina matundu makubwa na yako kwenye mpaka kati ya picha na picha. Hata tundu la katikati ya rili ni tofauti, la Super 8 ni pana. Mkivisha ya zamani kwenye mashine isiyoichukua, meno yataitafuna, na huo ndio mwisho wa harusi ya watu.

Ratiba yangu basi: katuni moja, *Big Business*, pilau, halafu katuni nyingine au irudieni *Big Business*. Msicheke. Watoto ndicho watakachoomba, na mara ya pili wanacheka kabla tukio halijafika.

Yaliyobaki kwa haraka. Ukuta mweupe usiong'aa unashinda shuka, maana shuka linapitisha mwanga nyuma. Mashine ya balbu ya wati 100 haina nguvu ya ajabu, kwa hiyo picha ya upana wa mita moja na robo inatosha. Hapo Leicester Desemba jua linazama kabla ya saa 10 na nusu jioni, saa 11 mnaanza bila pazia zito. Nunueni balbu ya akiba na msiishike kioo chake kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi yanaiua. Pitisha ukingo wa kila mkanda taratibu kati ya vidole ukiwa na glavu za pamba. Penye tundu lililochanika au kiungo kilicholegea patanasa hapo hapo, na ni afadhali panase Jumatatu mkononi kuliko Krismasi mbele ya wageni. Na mkanda ukikwama kwenye mashine, zimeni balbu kabla ya kuuliza kuna nini. Picha iliyosimama mbele ya taa inaungua, mtaona doa la kahawia linafumuka katikati ya uso wa mtu. Watoto watashangilia, ninyi hamtashangilia.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mzee. Katika stoo ya parokia tumekuta projekta ya milimita 16 na makopo matatu ya filamu ya *Jesus* kwa Kiswahili, ile iliyokuwa ikizungushwa vijijini. Tunataka tuionyeshe ukumbini mkesha wa Krismasi. Kopo moja likifunguliwa linanuka siki kali. Ni uchafu tu? – *Katekista, Moshi*

JIBU: Milele amina. Si uchafu, mkanda unaoza. Plastiki yake ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu miaka mingi inaanza kutoa asidi, na asidi hiyo hiyo inaharakisha uozo. Litoe kopo hilo leo, liweke chumba kingine mbali na mawili mazima, kwa sababu mvuke wake unawaambukiza wenzake. Usilifunge likakaza. Liache lipumue.

Je, unaweza kuuonyesha? Chukua kipande cha mkanda mzima na kipande cha huo unaonuka, vilaze ubavu kwa ubavu, tundu kwa tundu, urefu wa futi moja au mbili. Kama matundu yanaanza pamoja na mwisho yamepishana, umesinyaa. Usiuingize kwenye mashine, meno yatararua matundu yote. Kama bado unalingana na haujajikunja, mpelekee mtu audurufu kwa dijitali mapema, maana hautakungoja.

Filamu yenyewe inafuata Injili ya Luka, ilitoka 1979, na ni ndefu. Kwa mkesha huhitaji yote. Kuzaliwa kwa Bwana kuko mwanzoni, kwenye kopo la kwanza. Omba Mungu linalonuka liwe la pili au la tatu. Onyesha sehemu ya Betlehemu, zima, waimbe. Rili ya futi 1,600 ya milimita 16 ni dakika 44, ukiiacha yote iende hutakuwa na mkesha tena.

Soma kibati nyuma ya mashine kabla ya kuchomeka. Nyingi zilikuja na wamisionari kutoka Marekani, zinataka volti 110, umeme wetu ni 230. Bila transfoma utasikia mlio mmoja tu. Na ujue kuna balbu mbili: kubwa ya picha, na ndogo pembeni inayosoma mstari wa sauti kwenye ukingo wa mkanda. Picha ikitoka bila sauti, anza na hiyo ndogo kabla ya kulaumu spika.

Mimi milimita 16 nimezizungusha Upareni na Usambara kwa Land Rover ya misheni, na wazee walikuwa wakinieleza kuwa mimi si wa kwanza. Kweli: kule Vugiri, Usambara, mwaka 1935 hadi 1937, Mwingereza mmoja, Notcutt, na wenzake walipiga na kuonyesha sinema kwa wanavijiji wa Tanganyika kwa milimita hizo hizo. Ukumbi wako una historia nyuma yake, jitahidi usiunguze balbu.

SWALI: Mzee, mimi ni Mlubumbashi niishiye Brussels. Soko la Jeu de Balle nimenunua kimashine cha kuzungusha kwa mkono, kimeandikwa Pathé-Baby, na vikopo vidogo vya mikanda yenye tundu katikati. Kinafaa kwa Krismasi ya watoto? Na si kweli kwamba filamu za zamani zinalipuka? – *Papa Jo*

JIBU: Papa Jo, hicho kilizaliwa kwa ajili ya Krismasi. Pathé walikitoa Paris mwishoni mwa 1922 ili kiwe zawadi ya sikukuu, na mkanda wake ni wa milimita 9.5. Kulipuka, hapana. Zinazowaka kama baruti ni za nitrati, za milimita 35, zilizokuwa zikichapwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hizi za Pathé-Baby tangu mwanzo zilitengenezwa kwa plastiki isiyowaka hivyo, kwa sababu zilikuwa zinaingia vyumbani mwa watoto.

Kitu kimoja ukiangalie. Pembeni mwa mkanda kuna sehemu zimekatwa kidogo, utadhani zimeraruka. Usizizibe! Ndivyo walivyookoa mkanda: maandishi yalichapwa picha moja mbili tu, na mashine ikikuta mkato huo inayasimamisha yenyewe sekunde chache, wewe ukiendelea kuzungusha mpini. Balbu yake ni dhaifu, haiunguzi. Na kwa sababu ya mikato ile, mikanda hiyo usiiweke kwenye projekta nyingine ya 9.5 isiyo na kifaa hicho, maandishi yatapita kama umeme na hakuna atakayesoma.

Vikopo vile vidogo kabisa havifiki dakika mbili. Pakia vitano, mpe kila mtoto kimoja azungushe mwenyewe. Mkubwa atazungusha sawasawa, mdogo atakimbiza, na picha itakimbia naye.