Nyuzi 37 Si Kawaida ya Kila Mtu

Jioni moja kipimajoto kilinionyesha nyuzi 37.4, nikajifunika blanketi na kujihesabu mgonjwa; asubuhi yake kikaonyesha 36.3, ilhali sikuwa nimemeza hata kidonge kimoja. Nilidhani kimeharibika. Kabla ya kukitupa, niliamua kujipima kwa wiki mbili mfululizo, alfajiri kabla ya kutoka kitandani na tena jioni, nikaandika kila kipimo daftarini, na daftari likanionyesha kwamba kifaa ni kizima: joto langu hupanda na kushuka karibu nyuzi moja kila siku, chini kabisa alfajiri, juu kabisa jioni.

Nyuzi 37 tunazozikariri zilienezwa na Carl Wunderlich, tabibu wa Leipzig, ambaye mwaka 1868 alichapisha matokeo ya vipimo vya kwapani vya wagonjwa wapatao 25,000. Huo ulikuwa wastani tu, na yeye mwenyewe alikwisha kuona kwamba joto hubadilika kutwa. Sisi tukashika tarakimu tukaacha maelezo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992, uliopima watu wazima wenye afya mdomoni, ulipata wastani wa 36.8.

Mahali pa kupimia nako kuna mambo yake. Kwapani husoma chini kuliko mdomoni, na njia ya haja kubwa husoma juu zaidi, kwa hiyo chagua mahali pamoja usihamehame. Mimi nilipoteza siku tatu za vipimo kwa sababu kwapa lilikuwa na jasho na mkono sikuubana vizuri. Ukilifuta kwanza, ukaubana mkono ubavuni hadi kifaa kilie, utaona tofauti. Ukipimia mdomoni, subiri kama nusu saa baada ya kinywaji cha moto au cha baridi. Wanawake wakumbuke pia kwamba yai likishapevuka, joto hupanda kidogo hadi karibu na hedhi.

Faida ya daftari niliiona kwa mama yangu. Wazee wengi huwa na joto la chini, na lake la asubuhi lilikuwa 36.0 karibu kila siku. Siku moja alikataa chakula, akawa anachanganya majina yetu, na kipimo kikasoma 37.5. Muuguzi aliyetupokea alisema hiyo si homa, na kwa kipimo cha 38 kinachotumika kwa wengi alikuwa sahihi. Nilipomfungulia kurasa za daftari akaona kwamba mama amepanda nyuzi 1.5, alimwita daktari, na kifua kilipopigwa picha kikakutwa na nimonia.

Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu, hata hivyo, mambo ya daftari yawekeni kando: akifika 38, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ananyonya na kucheka.