Maswali Yenu: Faili za Mtandaoni, Ruhusa na Bando

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Nafundisha Biolojia kidato cha tatu. Nimeandika maswali ya marudio kwenye Google Docs, nikatuma kiungo kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Wengi hawakuweza kufungua, simu yangu ikajaa maombi ya ruhusa. Nikaamua kuwaruhusu wote. Kesho yake swali la 4 hadi la 9 hayapo!
*Mwalimu, Majengo, Moshi*

JIBU: Pole, Mwalimu. Maswali yapo. Fungua faili kwenye kompyuta, nenda menyu ya Faili, halafu historia ya matoleo. Kulia itatokea orodha ya tarehe na saa. Bofya toleo la kabla ya uharibifu, hakikisha maswali yote yapo, kisha urejeshe. Usihangaike kumsaka mkosaji, maana aliyeingia bila akaunti hatajwi jina. Mara nyingi si utundu. Mwanafunzi anashika maandishi kwa kidole ili anakili, kidole kinateleza, aya inafutika, na Docs huhifadhi hapo hapo bila kumuuliza mtu.

Ulichokosea ni ngazi ya ruhusa. Faili mpya huwa imefungwa: anaifungua yule tu uliyeandika barua pepe yake, ndiyo maana ukapata maombi. Kwenye kitufe cha kushiriki, chagua yeyote mwenye kiungo, kisha hapo pembeni weka mtazamaji, si mhariri. Mtazamaji anasoma hata kama hana akaunti, na hawezi kugusa neno. Ngazi ya katikati, mtoa maoni, iache kwa walimu wenzako wanaokupitia mtihani.

Ukitaka kila mmoja ajibu kwenye nakala yake, kata kiungo kuanzia neno *edit* hadi mwisho, uandike *copy* badala yake. Atakayekifungua ataulizwa kama anataka kutengeneza nakala, na itakaa kwenye Drive yake, yaani hifadhi yake ya faili kwa Google. Hapo lazima awe na akaunti, na wewe hutaiona mpaka akushirikishe.

Kwa maswali ya kuchagua, sisi tungehamia Google Forms moja kwa moja: ukiigeuza iwe jaribio na kuweka majibu sahihi, inasahihisha yenyewe. Ila usiwatake wapakie picha za daftari humo. Watalazimika kuingia kwa akaunti, na picha zote zitakula nafasi yako wewe.

SWALI: Shikamooni. Tuko watano tunaandika ripoti moja ya chuo kwenye Docs. Nikiwa nyumbani bando hukata katikati ya kazi. Tena tukienda kuprinti, majedwali yanahama.
*Mwanafunzi, Ngaramtoni, Arusha*

JIBU: Marahaba. Bando likiwa bado lipo, fungua programu ya Docs kwenye simu, gusa nukta tatu kwenye faili, uchague ipatikane nje ya mtandao. Utaandika bila intaneti, na ukiunganishwa itajipeleka yenyewe. Kwenye kompyuta, washa kazi ya nje ya mtandao mapema ukitumia Chrome au Edge. Gawaneni sura: wawili wakihariri aya ile ile bila mtandao, maandishi yao huunganishwa na sentensi hutoka zimechanganyikana.

Majedwali yanahama kwa sababu faili linafunguliwa kwa Word kwenye kompyuta isiyo na fonti zenu, yaani aina za herufi mlizotumia. Pakueni PDF, mpeleke hiyo. Na tafadhali, msiingie kwenye akaunti zenu kwenye mashine ya steshenari. Mtumieni mhudumu PDF. Aliyekwisha kuingia na kusahau kutoka, afungue mipangilio ya akaunti ya Google, sehemu ya usalama, orodha ya vifaa, aondoke kwenye kile asichokitambua, halafu abadilishe nenosiri.

SWALI: Drive inasema nafasi imejaa, na mimi nina faili chache tu. Kwa nini?
*Mwalimu wa msingi, Usa River*

JIBU: Ile GB 15 ya bure hugawanywa kati ya Drive, Gmail na Picha za Google, na kwenye Android hata nakala rudufu ya WhatsApp imo humo. Video za grupu la wazazi ndizo mshukiwa wa kwanza: ondoa video kwenye nakala hiyo. Kisha kwenye Gmail tafuta *larger:10M*, ufute usivyohitaji. Safisha na tupio pia, kwani vilivyomo huendelea kuhesabiwa hadi vifutike vyenyewe baada ya siku 30.