Samaki Wakishatoka Kituoni: Kwa Wanaoanza Kutathmini Vituo vya Vifaranga

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii ya kutathmini athari za miradi kwa mazingira Kisumu, Nakuru na kwingineko magharibi, nimezisoma rasimu zenu za karibuni. Moja inahusu kituo cha serikali cha kuzalisha vifaranga wa samaki, na ndani yake kuna aya nzima inayoeleza namna mabaki ya lami yatakavyoondolewa katika eneo la mradi. Mradi huo hauna lami. Aya hiyo naijua, kwa sababu niliwahi kuisoma katika ripoti ya barabara enzi ambazo baadhi yenu mlikuwa bado shule ya msingi, na inaonekana imekuwa ikirithiwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila kusomwa. Ningecheka nikaiacha ipite, lakini rasimu hiyohiyo, iliyojaza kurasa kwa vumbi, kelele na vyoo vya vibarua, imetenga sentensi moja tu kwa ajili ya samaki wenyewe: kwamba watapandikizwa katika mabwawa na mito teule kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Imeteuliwa na nani? Ni mito ipi? Na humo tayari wamo samaki gani? Sentensi hiyo ndiyo mradi wenyewe, na mmeiacha bila tathmini. Ndiyo maana naandika, nikiwa na mapenzi na hasira kwa kiasi kinachokaribiana.

1. Mpaka wa eneo la mradi uchorwe mahali samaki anapoweza kufika, na si kwenye ua wa kituo. Hadidu za rejea zikishapitishwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zikiwa na ramani ya ekari tatu, mtahangaika kuipanua baadaye, kwa kuwa mwenye mradi atawauliza ni nani atakayelipia siku za ziada za uwandani, na swali lake ni la haki. Panueni ramani mapema. Kifungu cha 42 cha EMCA, sheria kuu ya mazingira ya Kenya, kinakataza kuingiza mnyama katika mto, ziwa au kinamasi bila idhini, awe mgeni au mwenyeji, na neno "mwenyeji" hapo halikuwekwa kwa bahati mbaya. Samaki wa Ziwa Victoria akipelekwa katika mto ambao hakuwahi kuishi ni mgeni huko, hata kama alizaliwa Kenya na wazazi wake wote ni Wakenya.

Walioko Nakuru hawana kisingizio cha kutolielewa jambo hili, kwa kuwa kaunti yao ni darasa tosha. Katika Ziwa Naivasha aliletwa samaki aitwaye bass wa Marekani mwaka 1929 ili wavuvi wa ndoano wapate samaki wa kupambana naye. Samaki mdogo wa asili wa ziwa hilo, Aplocheilichthys antinorii, hakuonekana tena baada ya mwaka 1962. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wa Louisiana. Kisha akaingia samaki aitwaye kapi, Cyprinus carpio, ambaye hakuna aliyempangia safari: inaaminika alitoroka kwenye mabwawa ya wafugaji na kushuka na mto mwishoni mwa miaka ya 1990, na haukupita muda mrefu kabla ya kuwa yeye ndiye anayejaza nyavu. Katika Ziwa Nakuru kwenyewe, samaki mdogo wa Magadi, Alcolapia grahami, aliletwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Alikubali mazingira, akaongezeka, na ndege aina ya mwari wakaja kwa wingi kumla. Pengine mnawapenda mwari, nami nawapenda, lakini aliyeomba dawa ya mbu hakuwa ameomba mwari, na kazi yetu ni kuuliza ni nini kingine kitakachofuata kabla gari la vifaranga halijang'oa nanga. Habari ya mbuta, yaani sangara, sitairudia hapa. Aliyekulia Kisumu bila kujua fulu, wale samaki wadogo wa ziwa, walikwenda wapi, basi ana mjomba wa kumuuliza.

2. Sampuli za maji yanayotoka zichukuliwe siku ya kukausha vidimbwi. Mkienda asubuhi ya kawaida, kabla ya kulisha, maji ya mfereji wa kutokea yatakuwa safi kiasi cha kuwatia aibu wanaolalamika. Kidimbwi kinapokaushwa, ni yale maji ya mwisho, yanayovutwa pamoja na tope la chini, ndiyo yanayobeba kinyesi na mabaki ya chakula. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zinataka BOD, yaani oksijeni inayotumika kuozesha uchafu ulio majini, isizidi miligramu 30 kwa lita na chembechembe zinazoelea zisizidi 30 pia. Vipimeni vyote viwili siku hiyo, kisha ndipo mzungumzie ukubwa wa bwawa la kutuamisha tope. Kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, cha kuchota maji hakiruhusu kuyarudisha machafu, kwa hiyo msikichanganye na kibali cha kumwaga maji katika jedwali moja.

3. Ukuta wa kukinga maji ya kituo huzuia samaki aitwaye ningu kupanda mto kutaga mvua inapoanza. Ulizeni njia ya samaki huyo iko wapi kabla mhandisi hajamaliza mchoro.

4. Kuhusu homoni ya kugeuza vifaranga wa tilapia kuwa madume, ambayo kwa kawaida huchanganywa kwenye chakula kwa kiasi cha miligramu 60 kwa kilo na kulishwa kwa wiki tatu hadi nne, wengi wenu mnaandika kwamba "itatumika kwa mujibu wa maelekezo". Mimi nataka kujua chakula kilichobaki kwenye ndoo kinamwagwa wapi jioni, na ni nani anayekichanganya kwa mikono mitupu. Nendeni chumba cha kutotolea mayai mkae huko nusu siku. Utaratibu uliobandikwa ukutani na ule unaofuatwa na mhudumu huwa ni ndugu, lakini si mapacha.

5. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mnarudia kosa langu mwenyewe neno kwa neno.

Nilipokuwa kijana katika kazi hii, niliandika sehemu ya uwandani ya ripoti ya kupandikiza tilapia wa Nile katika bwawa moja la zamani la kunyweshea ng'ombe, katika kaunti mojawapo ya magharibi. Nia ilikuwa njema: wageni wangekuja na fimbo zao, wangelipa ada, na vijana wa kijiji wangekodisha mitumbwi. Chini ya bwawa palikuwa na bonde, na chini ya bonde kinamasi cha mafunjo. Tulikwenda mwezi wa pili, jua likiwa kali. Mfereji wa kumwagia maji ya ziada ulikuwa mkavu, umeota nyasi, na ndani yake palifungwa ndama aliyekuwa akila bila wasiwasi wowote. Nilimpiga picha. Ndama yule aliingia kwenye ripoti kama ushahidi, chini ya sentensi ambayo hadi leo naweza kuitamka bila kuisoma: "Bwawa halina mawasiliano na mfumo wowote wa maji ya asili."

Kwenye baraza la chifu, mzee mmoja mvuvi alisimama akazungumza kwa Kijaluo kwa muda mrefu. Mkalimani wetu, ambaye alikuwa na njaa kama sisi sote, alitufupishia kwamba mzee anauliza kuhusu samaki. Alichosema mzee, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye na mwanawe, ni kwamba mvua ikishika, samaki wa kinamasini hupanda na maji mpaka bwawani, na kwamba anayeweza kupanda anaweza kushuka. Katika jedwali la maoni ya wananchi niliandika: "Mwananchi mmoja aliulizia samaki." Katika safu ya majibu nikaandika: "Maoni yamezingatiwa." Hayakuzingatiwa. Hata kusikika hayakusikika.

Leseni ilitoka, vifaranga wakapandikizwa, na mvua za masika zikaja jinsi zinavyokuja kila mwaka. Bwawa lilijaa, mfereji ukapitisha maji, na msaidizi wa chifu akatutumia picha ya watoto waliosimama mahali pale alipokuwa ndama, maji yakiwafika magotini, wakiwakinga vifaranga wetu kwa chandarua. Waliowapita wale watoto waliendelea na safari hadi kwenye mafunjo.

Mnajua kinachofuata, kwa kuwa mmesoma biolojia kunishinda: tilapia wa Nile huzaana na jamaa zake. Ngege wa asili, Oreochromis esculentus, aliyekuwa akibeba uvuvi wa Ziwa Victoria, amesalia katika maji madogo ya pembeni kama Ziwa Kanyaboli, na vinamasi vya namna ile ndiyo mahali pa kumtafuta. Je, alikuwamo katika kinamasi chetu? Hilo ndilo swali tuliloulizwa, na hapo ndipo kosa lilipouma hasa. Orodha ya samaki iliyokuwa kwenye ripoti niliinakili kutoka katika utafiti wa maji mengine kabisa. Sikutia hata wavu mmoja katika yale mafunjo. Kama alikuwamo na sasa amechanganyika, hatuna cha kulinganisha naye. Kama hakuwamo, hatuwezi kujitetea. Uharibifu unaopimika unaweza kulipiwa fidia au kurekebishwa. Huu wetu hauwezi hata kuingia kwenye ripoti ya ukaguzi wa mwaka, kwa kuwa safu ya "hali kabla ya mradi" ina majina ya samaki wa kwingine. Wala hakuna aliyenichukulia hatua. Malipo yangu yaliingia kwa wakati, jambo ambalo katika kazi hii ni nadra, na lilinisumbua kuliko ambavyo barua ya onyo ingenisumbua.

Kwa hiyo mnaponiletea orodha ya spishi isiyo na tarehe ya wavu, jina la mahali na jina analotumia mvuvi wa hapo, naikataa bila kuendelea kuisoma, na mnaponung'unika kwamba bajeti haitoshi misimu miwili, nasikia sauti yangu mwenyewe. Fanyeni hivi: ukame mmoja, mvua moja. Maneno ya wazee yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa lugha yaliyosemwa, na tafsiri yake kando. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu na jamii, na matangazo ya redio kwa lugha ya mahali pia. Aliyeziandika alielewa kwamba habari muhimu huenda ikatoka kwa mtu asiyesema Kiingereza cha warsha.

6. Sura ya njia mbadala isiandikwe usiku wa mwisho. Mbadala wa kutopandikiza kabisa ni mbadala halali, na hauchambuliwi kwa sentensi ya "haukubaliki kwa kuwa hautaleta maendeleo". Upo pia mbadala wa kupandikiza samaki wasiozaa, kama wanavyofanya baadhi ya vituo vya trauti, samaki wa maji baridi, ng'ambo kwa kuyashtua mayai kwa joto au shinikizo, na upo wa kuwahamishia wavuvi wa burudani kwenye mabwawa yaliyofungwa kweli, ambayo mmeyaona kwa macho yenu mwezi wa nne.

Msidhani kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Jimbo la California lilipandikiza trauti kwa zaidi ya miaka mia moja katika maziwa ya milimani, mengi yakiwa hayakuwahi kuwa na samaki, na trauti wakawapunguza sana viluwiluwi wa chura wa milimani wa Sierra Nevada mwenye miguu ya njano. Idara ya samaki ya jimbo hilo ilishtakiwa mwaka 2006 kwa kutofanya tathmini, mahakama ikaiamuru ifanye, na waraka wake ukakamilika Januari 2010 kwa kushirikiana na idara ya shirikisho. Kinachotufaa sisi ni upana wake: waraka ule ulitathmini mpango mzima, yaani vituo na maji yote yanayopokea samaki wao kwa pamoja. Sisi bado tunatathmini kituo kimoja kimoja. Anayeandika kuhusu kituo cha trauti cha kupelekea mito ya Elgon au Cherangani angefaa kuuliza ni vyura na samaki gani wadogo wanaoishi juu kule, kabla ya kutuhakikishia kwamba maji ni baridi na yanafaa.

7. Masharti ya leseni yapendekezwe kwa namna ambayo mtu wa kituoni anaweza kuyatii. "Mwenye mradi ahakikishe bioanuwai inalindwa" halitiiki, kwa kuwa hakuna ajuaye jioni aripoti nini. Mimi naanzia kwa dereva. Vifaranga husafirishwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa maji kidogo na oksijeni, ikapangwa nyuma ya pikapu chini ya turubai lililolowa. Gari likikwama njiani na jua likapanda, samaki huanza kuelea mgongo chini, na dereva, ambaye atadaiwa kila mfuko, husimama kwenye daraja lililo karibu na kuwamwaga mtoni ili angalau wapone. Huyo si mtu mbaya, na ripoti zetu hazijawahi kumtaja. Mpeni daftari lenye tarehe, spishi, idadi, chanzo cha wazazi, jina la maji yanayopelekewa na sahihi ya anayepokea, kisha mwandikieni sharti moja kwa Kiswahili anachokisoma: vifaranga wakizidiwa njiani, warudishwe kituoni au wafukiwe nchi kavu, na mfuko uliopotea hivyo usikatwe kwenye mshahara wake. Sehemu hiyo ya mwisho mhasibu ataipinga. Mwiteni kwenye kikao kabla ripoti haijapigwa chapa.