Kujiunga na kikundi cha uyoga wa porini Nairobi: usianze na sufuria

Dada hapa ameuliza kama kuna maana ya kuingia kikundi cha watu wa uyoga wa porini wakati yeye anajua ule wa supamaketi pekee, na kama ni kweli watu wanachuma halafu wanapika. Mimi niko kwa kikundi kama hicho hapa Nairobi miaka sasa, wacha nijibu kirefu.

Ingia. Kutojua si shida, wengi wetu tulikuja hivyo hivyo. Kitu cha kuangalia ni kimoja, hao watu wanaanza na macho ama wanaanza na sufuria? Mtu akikwambia siku ya kwanza "huu onja tu, hauna noma", toka utafute wengine.

Kwetu kazi inakuja na mvua, Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Disemba. Msitu wa Karura tunaingia kuangalia na kupiga picha tu, huko hung'oi kitu. Kuchuma ni kwa mashamba upande wa Limuru na Kikuyu, tena mwenye shamba awe amekubali. Tunabeba kikapu na bahasha za kaki, kila aina bahasha yake, kwa sababu mifuko ya nailoni hata kama hazingepigwa marufuku 2017 bado uyoga ndani yake unatoa jasho unaoza kabla ufike nyumbani.

Sasa uyoga wa kichuguu, huo ndio ulinishika mimi. Tuko na mathe mmoja wa kutoka Kakamega, ndiye mwalimu wetu kusema ukweli, na haruhusu mtu aukate juu juu. Anapiga magoti, anachimba na kisu polepole kando ya shina, na shina linazidi tu kushuka, linageuka mzizi mrefu unaoingia mpaka kule chini kwa mchwa. Mchwa ndio wanaoulima, wanaulisha majani na miti waliyotafuna kisha wanakula wanachovuna. Ukikata juu umeacha ushahidi wote kwa udongo, hujui tena umebeba nini.

Na unahitaji huo ushahidi sana, kwa sababu mvua ikinyesha nyasi za estate zinatoa uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia na pete kwa shina, unavutia kabisa, unaitwa Chlorophyllum molybdites na utakutapisha vibaya. Cha kufanya, kata kofia, ilaze juu ya karatasi upande wa chini ukigusa karatasi, funika na bakuli ulale. Asubuhi unafunua unapata unga wa mbegu umechora mistari. Wa kichuguu unachora rangi ya waridi, ule wa kawaida wa dukani kahawia iliyokolea, na huo wa nyasi unachora kijani. Ukishaona hiyo kijani na macho yako hutaisahau.

Ukipata unga mweupe na kuna kikombe chini ya shina ndani ya udongo, usifikirie hata kuonja. Familia hiyo ndiyo yenye Amanita phalloides, uyoga unaoua, na sumu yake haitoki hata ukiupika. Mtu anakula jioni anakaa sawa masaa sita ama hata zaidi, ndio anaanza kutapika na kuhara, baadaye anapata nafuu anadhani imepita kumbe ini linaharibika. Kwa hivyo hakuna kungoja, ni hospitali mara moja na mabaki ya uyoga mkononi. Hizi hadithi za ati wadudu wakiula ni salama ama kitunguu kitabadilika rangi tafadhali tuziache, zinaua watu.

Pa kuanzia kama hujui mtu, jaribu Nature Kenya pale Makumbusho, ni chama cha wapenzi wa viumbe na mazingira cha tangu 1909 na wana matembezi ya ndege Jumatano asubuhi, nenda tu hata kama ndege si zako, wapenzi wa msitu wanajuana. Picha zako weka iNaturalist, tovuti ambapo watu husaidiana kutambua viumbe kwa picha, lakini piga upande wa chini wa kofia, shina lote na mahali umeota, picha ya juu peke yake haisaidii mtu. Na jibu la huko ni la kujifunza jina, si ruhusa ya kula.

Buti ni lazima, udongo wa Limuru ukilowa unateleza. Watoto pia walete, wako karibu na chini na wanaona uyoga kabla yetu, wafundishwe tu kwamba mkono hauendi mdomoni mpaka wanawe.