Kanisani siendi ila naomba kila siku, je mimi bado ni Mkristo?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni dada wa miaka 34, naishi Muyeye hapa Malindi, nafanya kazi hotelini upande wa vyumba. Msimu ukianza Jumapili ndio siku ya wageni kutoka na wengine kuingia kwa hivyo ofu yangu ni Jumanne. Kanisani sijaingia tangu 2022. Nikiwa mkweli si kazi peke yake. Mume wangu alipofariki nilichelewa kutoa mchango wa jengo, na Jumapili moja wakasoma majina ya waliotoa na ya wasiotoa, langu likasomwa watoto wangu wakiwa wamekaa pale pale, nikatoka sikurudi. Mwaka uliofuata yakatokea ya Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula mpaka wakafa, nikasema bora nikae kwangu. Naomba asubuhi kabla sijapanda tuktuk, nasoma Biblia, na Jumapili nikitandika vitanda naweka ibada ya redio kwa sikio moja. Dadangu mkubwa ananiambia nimepotea, ati bila kanisa hakuna Ukristo. Je ni kweli?
Dada wa Muyeye

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kufiwa, na pole kwa ile Jumapili pia, maana ule ulikuwa msiba wa pili na hakuna aliyekuja kukuhani.

Nianze na dadako. Pale anaposema bila kanisa hakuna Ukristo, amepitiliza. Yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu hakubatizwa, hakukaa kwenye benchi la kanisa hata siku moja, hakutoa sadaka, na bado aliambiwa leo hii utakuwa nami peponi. Hata Wakatoliki, ambao kwao misa ya Jumapili ni amri kabisa, hawamhesabii dhambi mgonjwa wala mama anayelea mtoto mchanga wala mtu mwenye sababu nzito, na ukienda misa ya Jumamosi jioni kwao ni sawa umeenda Jumapili. We unatandika vitanda vya watu ili watoto wako wale. Mungu anaijua rosta yako mwanangu, hilo usiliwazie usiku.

Lakini mwenyewe umesema si kazi peke yake, na hapo ndipo nataka tukae.

Swali lako ni la zamani sana hapa mjini kwetu. Unakijua kile kikanisa kidogo cha Wareno kilichoezekwa makuti, kina makaburi nje? Francis Xavier, padri mmisionari aliyesafiri na Wareno hao, alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India, na baadaye akaandika barua akasimulia kwamba mzee mmoja Mwislamu wa hapa, mtu wa heshima zake, alimuuliza kama huko kwao Wakristo wanaenda makanisani na wanaomba kwa bidii, kwa sababu hapa Malindi, akasema, misikiti ni 17 na inayoendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Ilikuwa inamsumbua sana yule mzee. Wakazungumza, hawakukubaliana kwa nini imekuwa hivyo, kila mmoja akabaki na lake. Mimi nikimfikiria yule mzee namwona kabisa, anapita mlangoni anachungulia ndani anaona mikeka mitupu, na wale watu wasiokuja pengine walikuwa wanaswali majumbani kwao vizuri tu, lakini yeye kuna kitu alikikosa na kikamuuma mpaka akamuuliza mgeni wa dini nyingine.

Sasa nikwambie alichokikosa nakijuaje. Kwetu kanisani kulikuwa na mzee mchonga vinyago, Mkamba, alikuwa anakaa benchi la tatu upande wa dirisha kwa sababu ya upepo, na shati lake lilikuwa linanuka muhugu, ukikaa nyuma yake unaisikia ile harufu ibada nzima. Miguu ikaanza kumsumbua akasema atakuwa anasikiliza ibada kwa redio nyumbani, sisi tukaona sawa. Jumapili ya kwanza hakuonekana, ya pili hakuonekana, ya tatu yule mama anayefagia kanisa akasema jamani hata kama anasikiliza redio si tumjulie hali. Tukachukua tuktuk watatu. Tulimkuta kitandani, mguu umevimba kutoka kidonda cha sukari, hawezi kusimama, mtungi wa maji umekauka kabisa una vumbi ndani. Na redio ilikuwa inahubiri pale kwenye stuli. Mahubiri mazuri tu, sina neno nayo, lakini ile redio ilikuwa na yule mzee siku zote hizo na haikujua kama hana maji.

Kwa hivyo ukiniuliza kama kuhudhuria kuna maana, mimi nafikiria ule mtungi.

Dadako bila shaka ameshakusomea Waebrania 10:25, wala tusiache kukusanyika pamoja kama ilivyo desturi ya wengine. Kila mtu anapigwa nao huo mstari. Mimi nakuomba usome wa juu yake, wa 24, unaosema tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, halafu ushuke mpaka wa 34 uone ile barua iliandikiwa nani. Iliandikiwa watu walionyang'anywa mali zao, watu waliotukanwa hadharani, yaani watu walioumizwa kama wewe wakaanza kujitenga mmoja mmoja. Ni barua ya kumwita mtu aliyeumia arudi kwa wenzake, si fimbo ya kumchapia mvivu. Na wale wenzake pia wamepewa kazi pale, wamwangalie. Kanisa lililosoma jina lako kwenye orodha ya wasiotoa, mjane, mbele ya watoto, halikukuangalia. Walikosea, na kosa hilo ni lao, hata kama waliofanya ni watu wa sala sana. Yakobo sura ya pili inakataza wazi kabisa kumpa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini kaa chini, sasa kumtangaza maskini kwa maikrofoni sijui tuiite nini.

Na Shakahola. Najua sisi watu wa huku hatuwezi kulisikia hilo jina tukatulia. Aprili 2023 walianza kufukua, na miili ikapita 400, na watoto wengi walikuwemo. Wewe umechukua funzo kwamba kukusanyika ni hatari. Mimi nakuomba uliangalie tena jambo lenyewe lilivyokwenda: wale watu walitolewa shuleni, wakaambiwa hospitali ni mbaya, wakatenganishwa na ndugu zao, wakapelekwa msituni ambako hakuna jirani wa kuuliza mbona mtoto wa fulani simwoni siku hizi. Kilichowamaliza ni kutengwa. Kwa hivyo ukitafuta pa kwenda, kagua. Je hapo mtu anaweza kumuuliza mchungaji swali na asichukiwe? Hesabu za pesa zinasomwa? Ukiugua wanakupeleka hospitali au wanakwambia imani yako ni ndogo? Shemeji yako Mwislamu akija harusini anakaribishwa? Ukiona mahali wanakutaka uwaache watu wako, toka hapo siku hiyo hiyo, usisubiri ibada iishe.

Kuna mtu mwingine nataka umkumbuke, Tomaso. Sote tunamjua kwa kutoamini, lakini Yohana 20 inasema kitu kingine kabla ya hapo, kwamba jioni ile ya kwanza Yesu alipokuja Tomaso hakuwepo. Hatuambiwi alikuwa wapi, pengine huzuni tu, rafiki yake ameuawa. Siku nane zikapita, na safari hii yuko ndani pamoja nao, na shaka zake zote, na hakuna aliyemfukuza, na ni humo humo ndani alipoonyeshwa majeraha. Angeweza kuonyeshwa kivyake nyumbani kwake. Alingojewa arudi kwa wenzake.

Sikuambii urudi pale pale mwanangu. Malindi ina makanisa mengi, na ofu yako ni Jumanne, basi anzia hapo, uliza mtaani kwako kuna jumuiya au ushirika wa nyumbani unaokutana katikati ya wiki, sehemu zipo za watu kumi au kumi na watano, wanasoma neno wanakunywa chai wanajuana kwa majina. Hiyo ni kanisa, Yesu alisema wawili watatu. Ukipata Jumapili moja msimu ukipungua, Aprili au Mei hivi hoteli zikilala, nenda ukae nyuma, hakuna ulazima wa kujitambulisha. Ila mtu mmoja ajue nyumba yako. Mmoja tu kwanza. Na huyo dadako, badala ya kukwambia umepotea, mwambie akusindikize.

SWALI: Mamangu ana miaka 81, tuko Mambrui. Mwaka 2020, baada ya kufungwa kwa sababu ya korona, makanisa yalipofunguliwa Julai kwa watu 100 na saa moja tu, wenye zaidi ya miaka 58 walikatazwa, akakaa nyumbani. Baadaye wakaruhusiwa lakini miguu ikakataa. Kila Jumapili anavaa leso yake ya kanisani, anakaa barazani, analia. Nimwambieje?
Kijana wa Mambrui

JIBU: Usimwambie kitu, nenda kawaambie wazee wa kanisa lake. Yakobo 5:14, aliye hawezi na awaite wazee wa kanisa wamwombee, yaani safari ni yao si yake. Kama ni Mkatoliki katekista anajua utaratibu wa kumletea komunyo nyumbani, na kama ni wa kanisa lingine mchungaji atakuja na meza ya Bwana ukimuomba. Usiogope kuomba zaidi ya mara moja, maana watu wana mambo mengi wanasahau. Waambie waje watatu wanne, wawe na mtu anayejua nyimbo za zamani. Na siku hiyo wewe toa viti nje barazani, hapo hapo anapokaa, na leso yake ameivaa.